Chuma cha Mpaka Nyuma ya Banda la Kuku

Siku nne kabla ya Mwaka Mpya, Bi Nelda Rudisill alitangaza kwamba mtu atakayetaja tena neno sheria jikoni mwake atakula kunde kavu, na nyama ya nguruwe ataisikia harufu tu. Nyumba ilikuwa na watu wawili, yeye na mumewe Clete, kwa hiyo aliyekuwa akiambiwa alijijua.

"Mimi nasoma tu, Mama Twyla," alisema Clete. "Kusoma si kutaja."

"Midomo inakucheza."

Juu ya meza, pale pale anapokandia unga, palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka baraza la mji wao wa Hovisford. Ilisema ni marufuku kufyatua bunduki ya aina yoyote ndani ya mipaka ya mji, na ni marufuku kuingia nayo kwenye bustani ya mji. Chini yake palikuwa na saini za madiwani watano, na saini ya kwanza, ile yenye mkia mrefu kama wa paka, ilikuwa ya Twyla, binti yao wa pekee. Karatasi ya pili ilitoka kwa wakili wa mji mkuu wa jimbo. Hiyo ilisema mji hauna ruhusa ya kutunga sheria ya bunduki hata ya mstari mmoja, kwamba jambo hilo ni la jimbo peke yake, na kwamba diwani atakayekaidi atatozwa dola elfu tano kutoka mfukoni mwake na huenda akavuliwa kiti.

Kati ya karatasi hizo mbili alikaa Clete, umri miaka sabini na minne, zamani mtu wa mashine katika kiwanda cha nyuzi, na kwa miaka thelathini na minane msema baraka wa wapiga gobore wa Mwaka Mpya. Kazi hiyo haina mshahara lakini ina heshima kuliko ya meya. Kila tarehe moja Januari, tangu alfajiri, wapiga gobore wa Hovisford huzunguka nyumba kwa nyumba. Msema baraka husimama mlangoni, humwita mwenye nyumba kwa jina lake lote, humwombea mwaka mwema na kumwomba ruhusa. Akijibu karibuni, magobore hulia moja baada ya jingine kuelekea mbinguni, baruti tupu bila risasi, kisha watu wote huingia kula. Nyumba isiyopigiwa, wanasema, hata maziwa yake huchacha mapema.

Yaliyotokea yalikuwa ya kuchekesha, ungekuwa na moyo wa kucheka. Mwezi Julai, usiku wa sikukuu ya taifa, walevi fulani walifyatua bastola juu. Risasi iliporudi chini ilipita dirisha la jirani yao Bi Ina Beam, ikatoboa mfuniko wa friza na kulala ndani ya paja la nguruwe lililoganda. Twyla alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, mja mzito wa miezi saba, baada ya kungoja mtoto miaka kumi na mmoja. Agosti baraza likapitisha marufuku. Siku ya kura Clete mwenyewe alikuwa ukumbini, mstari wa pili, na alipiga makofi hadi viganja vikawasha. Hakuna mtu katika mji mzima aliyefikiri kwamba gobore ni bunduki. Kwao gobore lilikuwa kitu cha Mwaka Mpya, kama ngoma ilivyo kitu cha harusi. Novemba ndipo mkuu wa polisi, mtu asomaye polepole, alipoisoma ile sheria hadi mwisho na kuuliza.

Na Twyla akamjibu mbele za watu, dukani kwa muuza misumari: "Sheria haimjui baba." Maneno hayo yalimfikia Clete kwa kinyozi, uso nusu una povu. Alinyolewa upande uliobaki, na tangu siku hiyo hakula meza moja na bintiye.

Bi Nelda alikuwa na haja moja tu duniani. Tarehe moja Januari alitaka kumwona Clete akilitaja jina la mjukuu wao Amos katika baraka, kama walivyotajwa watoto wote wa ukoo huo katika mwaka wao wa kwanza, kisha baba na binti wale kunde za Mwaka Mpya kutoka sufuria moja. Alikuwa na siku nne.

*

Wakili alifika kesho yake. Aliitwa Quarles, kijana kijana, viatu vyake vinang'aa hata Bi Nelda akaona aibu kwa ajili ya sakafu yake. Alikatiwa pai ya viazi vitamu. Alikula katikati akaacha ukingo wote wa unga, na Bi Nelda aliutazama ule ukingo kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua.

"Mzee Rudisill," alisema wakili, "mahakama haitusikilizi bila mtu. Inataka mkazi wa mji aliyezuiwa. Nimezunguka huku, kila mtu ananiambia hakuna aliyezuiwa kama wewe."

"Ni kweli nimezuiwa," alisema Clete.

"Basi unatia saini hapa. Sheria ya mji inaanguka, nanyi mnapiga magobore yenu. Gharama zote ni zetu."

Clete alichukua kalamu. Aliipima mkononi, kwa kuwa ilikuwa nzito, kalamu ya watu wenye nafasi.

"Na zile dola elfu tano?"

"Hizo wanalipa madiwani, mmoja mmoja."

"Diwani wa kwanza ni binti yangu."

"Najua," alisema Quarles, tena kwa upole. "Ndiyo maana itasomeka vizuri gazetini. Baba mzazi."

Clete aliiweka kalamu mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Niachie karatasi," alisema. "Mimi husoma polepole."

"Nitarudi tarehe moja, mzee. Nataka kuona hizo nyumba zisizopigiwa."

Gari lilipoondoka, Bi Nelda alikwenda kuwatupia kuku ule ukingo wa pai. Kuku waliugombania, akapoa kidogo. Aliporudi alimkuta mumewe ameikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Utatia saini?"

"Watu ishirini na wanane wana magobore yao ukutani wananitazama mimi, Mama Twyla."

"Sikukuuliza wanatazama nini."

"Sijui," alisema Clete. "Nilikuwa nimekwisha kulitia lile jina la Amos kwenye baraka. Nalifanyia mazoezi kule bandani tangu siku aliyozaliwa. Linakaa vizuri mdomoni." Akatoka, kwa sababu macho yalikuwa yamemlowa na hakutaka yatazamwe.

*

Twyla alikuja tarehe thelathini, mtoto kifuani, mkoba wa nepi begani na mtandio shingoni ulioanza kutapikiwa. Baba yake alipolisikia gari alikwenda zake bandani. Twyla akamfuata huko huko, na Bi Nelda akagundua ghafla kwamba anahitaji mayai.

"Baba, wakili amekuja hapa."

"Amekuja."

"Umetia saini?"

"Unaniuliza? Kumbe unajua kuuliza."

Twyla alivuta pumzi. Alikuwa na kidevu cha baba yake, na kilikuwa kimekwenda mbele kama cha baba yake.

"Baba, mimi nilisimama pale. Mfuniko uliruka. Nilidhani nimepigwa mimi, nikashika tumbo, nikalitazama kama linatoka damu. Wewe hukuwepo."

"Na nani amesema hukufanya vizuri? Nilikupigia makofi."

"Basi unataka nini? Nikiandika kwamba wote wamezuiwa isipokuwa baba yangu na rafiki zake, watu watasemaje? Na nikiifuta yote kwa kumwogopa yule mtu wa viatu, risasi nyingine ikishuka nitamwambia nini Bi Ina? Si mnaweza kupiga ngoma mwaka huu? Au kurusha fataki?"

"Ngoma," alisema Clete, na alilitamka hilo neno kama mtu aliyepewa uji siku ya harusi.

"Mwaka mmoja tu, baba."

"Babu yangu alipiga mwaka wa mafua makuu, wapigaji sita wamebaki wazima. Sikiliza, Twyla. Sikuomba unipendelee. Ningetaka uje unikalishe, uniambie, Baba, tumekosea, tufanyeje? Uniulize. Badala yake nikasikia kwa kinyozi."

Twyla alifungua mdomo. Amos akachagua wakati huo kucheua, na pakawa na kazi ya kumfuta. Alipomaliza, neno alilotaka kusema lilikuwa limeshapita.

"Sheria inabaki," alisema taratibu.

"Na ibaki."

Bi Nelda alisimama kati ya kuku, mayai manne kwenye aproni, akawatazama watu wake wawili wenye kidevu kimoja. Alitamani kuwagonganisha vichwa. Lakini mmoja alikuwa na mtoto mikononi na mwingine ana baridi yabisi ya shingo.

*

Tarehe thelathini na moja ilikuwa siku ya taka, na siku ya taka ilikuwa siku ya mateso ya Bi Nelda. Banda la kuku, ghala na shimo la majivu vilikuwa chini kabisa ya kiwanja, na pipa la taka za huko lilijaa kila wiki. Kwa miaka ishirini na sita alilivuta lile pipa kupanda mlima hatua arobaini, kwa kuwa lori la mji lilikataa kushuka. Aliandika barua. Alikwenda ofisini akaketishwa kwenye benchi kutwa nzima. Mara zote aliambiwa jambo moja.

Asubuhi hiyo lilikuja lori na dereva wake Lonzo Dellinger, ambaye naye alikuwa mpiga gobore, tena wa pili kutoka kwa Clete.

"Lonzo, mwanangu, mimi nina miaka sabini na mmoja. Shuka leo tu, baraka ya mwaka."

"Bi Nelda, ningeshuka, unajua ningeshuka. Lakini nikivuka kile chuma nimetoka mjini, na bima ya lori inaishia mjini." Alinyosha kidole kwenye nondo yenye kutu iliyosimama ardhini, kando ya mlango wa banda, imepakwa rangi nyekundu kichwani. "Hapo ndipo mji unapoishia. Kuku wako ni watu wa wilaya."

"Nimeisikia hiyo mara elfu."

"Na mimi nimeisema mara elfu. Tena leo sina hata hamu ya kubishana. Nimelisafisha gobore langu jana, nikalirudisha ukutani kama maiti."

Bi Nelda aliliachia pipa, alilokuwa amelivuta hadi nusu ya mlima. Likabiringika kuteremka, likapita kando ya ile nondo, likagonga banda, na kuku wakatoka mbio wakilaani. Yeye hakuwatazama. Aliitazama nondo. Kisha akaanza kucheka, mkono mbavuni, hata Lonzo akazima injini kwa wasiwasi.

"Bi Nelda? Nimwite mzee?"

"Hebu rudia. Mji unaishia wapi?"

"Kwenye chuma."

"Na wilaya ina marufuku ya kupiga gobore?"

Lonzo alivua kofia yake taratibu, kama aliyeingia kanisani.

Jikoni, Bi Nelda alimpigia simu binti yake kabla hata hajanawa mikono.

"Twyla, ile sheria yako inafika wapi?"

"Mama, si leo tafadhali."

"Inafika wapi, mheshimiwa diwani?"

"Mpaka wa mji."

"Na banda langu la kuku liko wapi?"

Huko upande wa pili Amos alisikika akiguna. Twyla, aliyekuwa ameketi kwenye lile baraza miaka sita, na mara mbili alikuwa amepiga kura ya kukataa ombi la mama yake kuhusu pipa, alisema mwishowe, "Liko nje, mama."

"Nashukuru. Njoo kesho na mtoto. Mvalishe nguo nzito."

Clete ndiye aliyekuwa mgumu. Aliketi akakunja mikono. "Sisi huenda kwenye nyumba, Mama Twyla. Nyumba haziji kwetu. Haijawahi kuwa."

"Miaka thelathini na minane umekula soseji zangu siku hiyo. Umewahi kuzifuata? Zilikujia."

"Soseji si nyumba. Baraka ni ya nyumba. Utawaambia watu wabebe nyumba?"

Swali hilo Bi Nelda alilipeleka kwa Bi Ina Beam, ambaye simu yake ilifanya kazi kuliko redio ya mji. Bi Ina alifikiri kidogo. "Nyumba nzima siwezi," alisema. "Lakini kipande naweza. Ngoja niwaambie wenzangu."

*

Asubuhi ya Mwaka Mpya nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na Bi Nelda, aliyeamka kukaanga soseji za watu arobaini, aliona dirishani kitu ambacho angekisimulia hadi kufa. Mji wa Hovisford ulikuwa unateremka kwenye kiwanja chake ukiwa umejibeba vipande vipande. Wengine walikuja na funguo, wengine na zulia la mlangoni. Familia moja ilileta kibao cha namba ya nyumba na bisibisi waliyokitolea. Kinyozi alibeba kiti chake cha kunyolea mgongoni. Mzee mmoja aling'oa sanduku la posta na nguzo yake, akalibeba begani, na barua moja ikiwa bado ndani. Mbele yao wote alikuja Bi Ina Beam na mfuniko wa friza kichwani, tundu la risasi likitazama mbingu.

"Clete Rudisill," alisema, "mwaka jana hukuniombea vizuri. Tazama. Safari hii tia bidii."

Walivuka chuma mmoja mmoja. Wapiga gobore walijipanga nyuma ya banda, ishirini na tisa pamoja na Clete aliyesimama mbele, kofia safi. Kila kipande kiliwekwa juu ya kigogo cha kupasulia kuni, mwenye nyumba akaitwa kwa jina lake lote, baraka ikasemwa, ruhusa ikatolewa na baruti ikalia. Moshi ulishuka mlimani ukanukia kama kila Mwaka Mpya waliowahi kuukumbuka. Mkuu wa polisi alisimama upande wa mji, vidole gumba kwenye mkanda, akaikagua ile nondo mara mbili. Kisha akaenda garini akarudi na kitasa cha mlango wake, akavuka, akapanga foleni.

Clete alikuwa na furaha, lakini furaha yake ilikuwa na jicho moja barabarani. Bi Nelda aliliona hilo. Naye alikwenda dirishani kila soseji zilipogeuzwa, hata akaunguza sufuria moja.

Saa nne lilikuja gari moja, akashuka wakili Quarles na viatu vyake. Aliteremka akishika matawi, akavuka chuma bila kukijua, na akakanyaga pale ambapo kuku walikuwa wamepita.

"Mzee Rudisill. Ulitia saini?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Kuna nyumba moja bado."

Kwa kuwa Twyla alikuwa amefika. Alikuwa amesimama upande wa mji, kiatu chake sentimita chache kutoka kwenye nondo, Amos amelala kifuani ndani ya kofia iliyomzidi. Waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Kipande cha nyumba kiko wapi?" aliuliza Clete.

"Nimekibeba," alisema Twyla. "Kina kilo saba na kinatapika."

Clete alivua kofia. Aliita, "Twyla Rudisill Heavner, na Amos Clete Heavner, mwenye nyumba mdogo," na akasema baraka ile ile, lakini safari hii aliisema kama vile hakuna aliyewahi kuisikia:

*Tumekuja mlangoni, mwaka umebisha hodi,*
*Tuna baruti na dua, hatukuja na hasidi,*
*Kisima kisikauke, baraka zako zizidi,*
*Ukituruhusu sasa, tupige kisha turudi.*

Hapo mwenye nyumba hujibu karibuni. Twyla hakujibu.

"Nina swali kwanza," alisema. Watu waliguna. Bi Nelda, mlangoni, alishika fremu. "Mwezi huu baraza litakaa kuiandika upya ile sheria. Jimbo linasema hatuna haki ya kuandika chochote, na labda mahakama itakubali. Lakini tukiandika, gobore niliwekeje? Nakuuliza wewe, baba. Nilipaswa kukuuliza Novemba. Nilikosa."

Clete aliangalia chini. Aliikagua kofia yake ndani na nje.

"Nitakujibu nikishakula," alisema mwishowe. Kisha akageuka kumtafuta mkewe, akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Ameniuliza," na watu wote hadi wa nyuma walisikia.

"Basi karibuni," alisema Twyla. "Huko huko mliko."

Clete alimimina baruti kwenye mtutu. Ilihitajika karatasi ya kuizibia. Alitia mkono mfuko wa shati upande wa moyo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nzuri, nzito, yenye jina la ofisi kwa herufi za dhahabu. Aliiviringa, akaitia mtutuni, na akaisukuma hadi chini kwa mdeki. Quarles alitazama jina la ofisi yake likishuka.

"Mzee, ile ilikuwa ya mahakama."

"Ulikuja kutafuta mtu aliyezuiwa," alisema Clete. "Sikiliza sasa uniambie nani kazuiwa."

Gobore la Clete lilipiga la kwanza, la Lonzo likafuata, na mengine yote mpaka la ishirini na tisa, na mlima mzima ukajibu. Kuku walihamia wilaya ya jirani. Herufi za dhahabu zilidondoka polepole juu ya kofia za watu.

Wakili alijipangusa bega. Bi Nelda alimpa soseji ndani ya mkate wa mahindi, na safari hii alisimama pale pale kuhakikisha ukingo unaliwa. Uliliwa.

"Atatokea mwingine wa kutia saini, diwani," Quarles alisema, na hakusema kwa ubaya. "Sheria ya jimbo iko pale pale."

"Najua. Akitokea tutaonana mahakamani," alisema Twyla. "Kula kwanza."

Na Amos, aliyelala fofofo kwa milio yote ishirini na tisa, sasa palipotulia alifungua macho, akatazama huku na huku, akaangua kilio cha mtu aliyeibiwa.

"Anataka tena," alisema Clete.

"Baba, ana miezi minne. Anataka maziwa."

"Mimi nawajua watu wa Rudisill. Anataka tena."

Twyla alimtikisa, akambembeleza, akampa kidole. Kilio kilizidi. Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama pembeni ili asicheke.

"Basi mpigie," alisema diwani.

"Sina karatasi."

Twyla alishusha mkoba wa nepi. Alichakura chini ya chupa na pamba, akatoa karatasi yenye muhuri wa mji na saini tano, ya kwanza yenye mkia kama wa paka. "Nakala ziko nyingi ofisini," alisema. Akainua mguu, akauvuka ule mpaka ambao alikuwa ameulinda kwa kura mbili, na akaiweka karatasi mkononi mwa baba yake.

Lonzo hakuona hayo. Alikuwa amelikuta pipa la taka ubavuni mwa banda lilikoangukia jana, na bila kuombwa alikuwa akilivuta kupanda mlima, akihema. Gobore lilipolia nyuma yake aliruka, na taka nusu zikamwagika. Amos alinyamaza papo hapo. Vipande vya sheria vilishuka taratibu, vingine upande wa mji, vingine upande wa wilaya, na kuku, waliokuwa wamerudi kwa harufu ya mkate, walivigombania pande zote mbili.